Soko Huria kwa Wasiopenda Kushindana

Umefungua duka kubwa Lilongwe. Una rafu za chuma, mlinzi mlangoni, na picha ukutani ukipeana mkono na waziri. Hongera, bosi. Kinachokunyima usingizi ni kimoja: hapo Mchesi, kwenye kona, kuna mkimbizi Mrundi. (Huenda ni wa Bukavu, Kongo. Mjini hapa kila muuza duka mgeni ni Mrundi, usipoteze muda kuuliza.) Anafungua kabla hujaamka na sukari yake iko chini ya yako. Sogea nikunong'oneze.

Kwanza, usimchungulie. Najua utakwenda tu. Utamkuta mama mmoja ameshika noti iliyokunjamana, na jamaa anampimia mafuta ya kupikia kwenye kifuko cha plastiki, anakipiga fundo, anaongeza kipande cha sabuni, halafu anavuta daftari lililoliwa kona na kuandika deni la mpaka mwisho wa mwezi. Sukari yenyewe alichangiana na binamu zake watatu, wakainunua kwa pamoja. Ule ushindani unaousifu kila ukipewa kipaza sauti ndio huo sasa. Usiuige. Utachoka.

Pili, achana na bei, tafuta sheria. Kupunguza bei utalipa wewe. Sheria inalipiwa na serikali. Na nusu ya kazi ulishafanyiwa: Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu haki ya mkimbizi kuajiriwa na kwenda atakako. Pahali pa kumpeleka papo pia. Dzaleka, kule Dowa, lilikuwa gereza la wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo 1994, ikakadiriwa kubeba watu 10,000 hivi; leo wamo zaidi ya 50,000. Jina lenyewe, wanasema, maana yake ni "sitarudia tena". Somo zuri kwa mtu aliyethubutu kuuza sukari rahisi.

Tatu, faida yako usiitaje kabisa. Sema "usalama wa taifa". Sema "wazawa", na hapo shusha sauti kidogo kama uko msibani. Amri ya mwaka 2021 ya kuwarudisha wakimbizi kambini ilisimamishwa na mahakama; wewe vumilia, amri haiozi. Mei 2023 polisi na wanajeshi waliingia mitaani, wakakamata mamia, watoto wakiwemo, wakapitishwa gereza la Maula kisha Dzaleka. Maduka yao yakafungwa, na wewe hukupunguza bei hata tambala moja. Sisemi wewe ndiye uliyeomba. Mvua haiombwi na mwenye ndoo, ila ndoo huwa iko tayari.

Ukisikia aibu, wakumbuke waliokutangulia. Miaka ya 1970 Banda aliwaondoa wafanyabiashara wa Kihindi vijijini, wakasongamana mijini. Na Press Holdings, iliyokuwa na mashamba ya tumbaku, viwanda, maduka ya PTC na mkono wake kwenye benki, ilikuwa mali ya nani? Mzee alishika hisa 4,999 kati ya 5,000, kwa niaba ya Wamalawi wote, alisema. Ile hisa moja iliyobaki imenikosesha raha miaka mingi. Nani alikuwa na moyo wa kuidai?

Nne, pandisha bei, lakini subiri blanketi la kujifunika. Novemba 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya kwacha, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44. Wewe ongeza 60, tikisa kichwa kwa huzuni mbele ya mteja, na useme "dola, mama, dola".

Halafu atakuja yule mama na noti yake. Ataomba mafuta ya kifuko. Wewe una chupa ya lita mbili. Ataomba umwandikie, wewe una mashine ya risiti. Mlinzi atamwonyesha mlango kwa adabu, naye atavuka barabara kuelekea kona, ambako duka limefunguliwa tena, safari hii kwa jina la mzawa. Anayefunga fundo la kifuko ni yule yule.

Rudi hatua ya pili.