Breki Hazinywi Mafuta

Wapo madereva ambao butini, kando ya jeki na tairi la akiba, hawakosi kichupa cha mafuta ya breki. Kila Jumamosi hufungua boneti, wakamimina mpaka alama ya juu, wakafunga na kufuta mikono kwa fahari. Ukiwauliza, gari lao "linakunywa kidogo." Ndugu yangu, injini hunywa petroli. Breki hazinywi kitu. Mafuta yake yamefungiwa ndani ya mabomba kuanzia master silinda hadi magurudumuni, na yakipungua sababu ni mbili tu: ama pedi zimelika na mafuta yameshuka kidogo kidogo kwa miezi mingi, ama yanavuja. Wewe unayejaza kila wiki, jibu lako ni la pili, na kichupa hicho kinalisha tundu.

Tundu lenyewe litafute hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa, kisha shikilia kwa nguvu na uhesabu taratibu hadi thelathini. Pedali iliyo nzima husimama pale pale. Ikizama polepole kuelekea chini, mafuta yanatoka mahali, au master silinda imechoka na inayapitisha ndani kwa ndani. Ikiwa ni lazima uipigepige ndipo ipande, huenda kuna hewa mabombani. Na taa nyekundu ya breki ikiwaka, usifanye kama wale wanaovuta handbreki na kuishusha, wanavuta na kuishusha, mpaka wanafika kazini. Handbreki imeshuka, taa bado inawaka: simamisha gari.

Usiku tandaza kadibodi chini ya gari. Asubuhi, doa zito jeusi katikati mbele ni oili ya injini. Maji safi upande wa abiria ni ya kiyoyozi, yaache. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza kati ya vidole, ya manjano hafifu au ya kahawia kama yamezeeka, na mara nyingi hudondoka karibu na gurudumu. Nawa mikono mara moja, na usiyaache yakamwagikia bodi, maana yanakula rangi.

Sasa chungulia upande wa ndani wa kila tairi. Magurudumu ya nyuma yenye ngoma ndiyo ya kwanza kushukiwa: vua ngoma, inua ukingo wa kimpira cha vumbi kwenye silinda, ukikuta umajimaji umempata mkosaji. Mbele, pinda mipira ya breki kwa mkono utazame nyufa. Kwa watu wa Tanga, Mombasa na Unguja, fuata pia mabomba ya chuma chini ya sakafu, kwa sababu chumvi ya bahari huyatoboa kwa kutu. Kuna pia uvujaji usioacha doa: master silinda hutapika kwa nyuma, mafuta yakaingia ndani ya busta. Chupa ya mafuta chini ya boneti inapungua, sakafu kavu, mwenye gari anasema ni majini. Legeza master silinda uivute mbele kidogo, utayaona majini yenyewe yamelowa pale.

Hapa ndipo wajuaji wa kijiweni wanapofika na dawa zao. Wa kwanza ana maji ya sabuni. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, na yakishanyonya unyevu kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Maji huchemka 100. Kwenye mteremko mrefu yanageuka mvuke, mvuke unabonyea, na mguu unakwenda hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Wa pili ana oili ya injini: hiyo huvimbisha mipira yote, ya master na ya magurudumu, na tundu moja linakuwa matano. Wa tatu, ninayemwogopa kuliko wote, anaukunja mpira wa gurudumu linalovuja na kuufunga kwa waya "mpaka mwisho wa mwezi." Siku utakayoshika breki za ghafla, gari litavutwa upande mmoja pamoja na watoto waliolala kiti cha nyuma.

Matengenezo ya kweli hayana uchawi. Legeza nati tairi likiwa chini, kisha piga jeki na uweke stendi, tofali hupasuka. Silinda inayovuja ibadilishwe, na ya upande wa pili pia, maana zimezeeka pamoja. Viatu vya breki vilivyolowa mafuta vitupwe, kuviosha kwa petroli hakuvifufui. Bomba lililotoboka lipewe bomba la breki, siyo lile la shaba la mafundi friji. Ukifungua mpira wa kalipa, weka washa mpya za shaba.

Kisha toa upepo kwenye mabomba ya breki. Kwa magari mengi ya usukani kulia huanza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na master, ukimalizia na la mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli, anaifunga, ndipo mguu unaachiwa. Rudia mpaka mapovu yaishe, na chupa ya juu isikauke hata mara moja. Tumia mafuta ya kopo jipya, ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chupa hiyo ya juu. Yaliyotoka hayarudi.

Kama hujawahi kufungua ngoma, nenda kwa fundi, ila usikae kivulini. Simama naye, mwambie hutaki kujaziwa, unataka silinda mpya, na umwombe akuoneshe ile ya zamani.

Ukimaliza, jaribu uani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pedali isiposimama imara, gari halitoki getini. Na kama mlipanga kupanda Lushoto kwa bibi, kumbukeni zile kona za kuteremkia Mombo. Mpigie bibi simu, mwambie mtakuja wiki ijayo.