Jinsi ya Kuifanya KRA Iione Rampu Yako

Unatumia kiti cha magurudumu, unafanya kazi mjini, na nyumba yako Waithaka ina ngazi tatu mlangoni. Anza na fundi. Rampu salama hutaka mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kupanda, kwa hivyo ngazi zenye jumla ya sentimita 45 zitakula mita 5.4 za uwanja. Jinsi ploti zetu za urithi zilivyogawanywa kati ya ndugu, mita hizo zitakufikisha kwa shemeji. Mwambie fundi aikunje kona kabla hajachanganya simiti.

Kisha tafuta nafuu ya ushuru kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Pimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, halafu omba cheti cha msamaha wa ushuru kwenye iTax, tovuti ya KRA. Ukikipata, KSh 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi hazitozwi ushuru. Agizo la 2010 kuhusu ushuru wa watu wenye ulemavu linaruhusu pia hadi KSh 50,000 kwa mwezi za utunzaji wa binafsi na wa nyumbani. Anayekuogesha anaingia hapo. Simiti haikutajwa.

Lakini usikate tamaa, kopa! Benki ikikupa mkopo wa kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe, riba yake, hadi KSh 360,000 kwa mwaka, hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Hakikisha mkataba unataja kuboresha nyumba. Ukilipa fundi kwa akiba yako, hupati kitu. Ukilipa benki riba, unapata. Sheria imeiona faida ya benki, haijaiona rampu yenyewe.

Au mwombe mwajiri akujengee, ila kazini. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilimpa mwajiri binafsi haki ya kuomba nafuu ya asilimia 50 ya gharama za kurekebisha majengo yake kwa ajili ya wafanyakazi wenye ulemavu. Jioni ukirudi Waithaka, ngazi ni zako.

Hili linaniuma, kwa sababu linarekebishika. Marekani, mwongozo wa IRS, mamlaka yao ya ushuru, kuhusu gharama za matibabu zinazopunguzwa kwenye mapato unataja waziwazi rampu, milango iliyopanuliwa na vyuma vya kushikilia bafuni. Mswada wetu wa Fedha hufika Bungeni kufikia 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Peleka yako kwa maandishi, taja vitu hivyo vitatu kwa majina, na uambatanishe risiti ya fundi.