Heko, Harufu ya Petroli

Mlinzi wa usiku husinzia. Mbwa akitupiwa mfupa hunyamaza. Geji ya mafuta ya bodaboda ilishakufa zamani, mshale umelala chini hata tangi likijaa. Anayebaki zamu hadi alfajiri ni harufu ya petroli, mtumishi asiye na mshahara wala likizo, ambaye shukrani yake ni kusonywa na kufunguliwa dirisha.

Kituo chake cha kazi kinajulikana. Katika nyumba za kupanga za Manzese au Mbagala pikipiki hailali nje, maana kuilaza nje ni kumwandalia mwizi. Husukumwa hadi koridoni, au chumbani kabisa, ikaegemezwa kwa stendi ya pembeni kati ya kitanda na kabati la vyombo. Saa sita usiku injini imeshapoa na wenyewe wamelala, ndipo harufu inapoanza doria yake bila kupiga hodi kwa mtu.

Ukoo wake si wa kubezwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usiku wa Dar es Salaam kwake ni sherehe. Ili mvuke huo uwake, hewa lazima iwe nao kiasi cha asilimia 1.4 hivi. Pua ya binadamu huunusa ukiwa haujafika hata sehemu moja kati ya milioni. Yaani taarifa inatolewa wakati mvuke bado ni haba mara elfu kumi na ushei kuliko ule wa kuwaka. Ni kengele gani ya zimamoto inayoweza kujigamba hivyo?

Gesi asilia haikujaliwa kipaji hicho. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule moja ya New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi ilivuja na kujaa chini ya jengo bila yeyote kuinusa, kisha ikalipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas iliamuru gesi itiwe kemikali yenye kunuka, na mtungi wa kupikia wa leo nao hunuka unapovuja kwa sababu umetiwa dawa ya namna hiyo. Petroli haikungoja kuamriwa na bunge. Ilizaliwa nayo.

Sifa yake kubwa zaidi, hata hivyo, ni ufundi. Ukizingatia saa inayotokea, harufu hukuonyesha mahali penye kasoro. Ile ya mchana juani, baada ya tangi kujazwa hadi shingoni, inautuhumu mfuniko: petroli huvimba karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo lita 10 zilizojazwa alfajiri zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hutafuta pa kumwaga karibu glasi nzima. Hapo hakuna ugonjwa, kuna tamaa ya kujaza tu.

Ya usiku ni kesi nzito zaidi. Ndani ya kabureta mna bakuli dogo na boya, kama lile la tangi la choo, linaloinua sindano na kuziba njia mafuta yakitosha. Chembe moja ya kutu ikinasa kwenye ncha ya sindano, njia haizibi, na tangi lililo juu linaendelea kushusha mafuta usiku kucha. "Kabureta inamwaga," fundi atasema kabla hata hajainama, kisha ataligonga bakuli mara mbili kwa mpini wa bisibisi ili boya likae sawa. Likigoma, hulifungua na kuitazama sindano, na ikiwa ncha yake imelika, huweka nyingine.

Upelelezi wa awali mwenye pikipiki anaweza kuufanya mwenyewe. Anafunga koki jioni na kutandika kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi harufu ikiwa imekoma, washukiwa ni kabureta na mpira wa mafuta. Ikiendelea, kosa liko kwenye koki yenyewe au kwenye tangi, hasa pale chini maungio yalipoliwa na kutu. Petroli hukauka upesi, lakini boksi hubaki na doa.

Boksi likiwa safi, asishangilie haraka. Mpira wa kumwagia ziada ukizibwa na tope au na nyigu waliojenga humo, mafuta hayadondoki sakafuni. Huingia kwenye silinda, yakapita ringi na kuteremka kwenye oili. Kijiti cha kupimia ndicho kitakachoshuhudia: oili imepanda bila mtu kuiongeza, imekuwa nyepesi, na inanuka petroli. Injini hiyo haipigwi kiki mpaka kabureta itengenezwe na oili ibadilishwe.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini harufu hii ilikuwa na kasoro zake hata kabla ya kusifiwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, kwa hiyo hutambaa sakafuni na huweza kulifikia jiko la mkaa au kibatari kabla ya kuifikia pua ya aliyelala kitandani. Tena pua huizoea: baada ya dakika chache chumbani, mtu huapa kwamba imekwisha. Dawa ni kutoka nje, kuvuta hewa safi na kurudi kunusa upya, na pikipiki nayo itolewe nje.

Wapinzani hawakosekani. Mpangaji wa chumba cha pili, aliyechoka kunusa mali ya mwenzake, huchukua kopo la manukato na kupuliza koridoni. Makopo mengi ya aina hiyo husukumwa na butani na propani, gesi zile zile zilizomo kwenye mtungi wa kupikia. Sasa koridoni mna mivuke miwili ya kushika moto, na shahidi pekee amezibwa mdomo kwa asumini.