Mzazi Wangu Jamhuri, Naomba Kopi ya Kitambulisho Chako

Kwa Jamhuri ya Kenya,
Barabara ya Harambee,
Nairobi.

Mzazi mpendwa,

Shikamoo. Salamu hii naitoa nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, jinsi tulivyofundishwa kuwaamkia wageni kule kwenye makao ya watoto. Tulikuwa hodari wa kuamkia. Kila Desemba wageni walikuja na unga, biskuti na kamera. Sisi tukaimba, wao wakapiga picha, na jioni wakaondoka na picha wakatuachia unga. Ukiwatoa wabunge, sidhani kama kuna Wakenya waliopigwa picha kutuzidi. Ajabu ni kwamba katika picha zote hizo hakuna hata moja inayokubalika pale dirishani.

Ni dirisha hilo lililonifanya nishike kalamu. Sitasema ni la ofisi gani. Afisa aliyekaa nyuma yake alikuwa kazini, na naamini naye ana wazazi wanaomtegemea. Ili nipate kitambulisho, alitaka kitu kimoja tu: kopi ya kitambulisho cha mama au baba.

"Sina."

"Wamekufa?"

"Sijui."

"Basi leta cheti cha kifo."

"Cha nani?"

Alinitazama kidogo, kisha akaita, "Anayefuata!"

Tuliolelewa makaoni tunayajua mazungumzo hayo kwa moyo. Tungeweza kuyaigiza kwenye tamasha la shule. Ukitimiza miaka kumi na minane unapewa godoro, sanduku la chuma na kila la heri. Geti linafungwa nyuma yako, na mtu wa kwanza unayekutana naye upande wa pili anakuuliza mzazi wako yuko wapi. Swali hilo hakuna aliyekuuliza ulipokuwa ndani. Ndani lilihesabiwa kuwa swali la kumuumiza mtoto.

Sasa, Mzazi, nimeketi nikatafakari nikaona jambo hili lina jibu rahisi. Kwa mujibu wa karatasi nilizo nazo, mzazi wangu ni wewe. Sijipendekezi. Mahakama yako iliketi, ikaamua mtu wa kunilea, ikaagiza nipelekwe makaoni kule Dagoretti, ikapiga mhuri. Afisa wako wa watoto alikuja kukagua kama vitanda vimetandikwa. Na Katiba yako ya mwaka 2010, Kifungu cha 14, inasema kuwa mtoto akipatikana Kenya, akaonekana hajafikisha miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, basi achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Kifungu kizuri sana. Nilipokuwa sijui kusema, uliniamini. Nimejua kusema, unataka ushahidi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, kopi ya kitambulisho chako. Mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja, na isiwe nyeusi sana.

Najua huna. Usione haya, hata mimi sina, na ndiyo maana niko tayari kukusindikiza ukachukue. Vaa nguo yenye kola. Tutoke mapema, saa kumi na moja alfajiri hivi, maana foleni haiangalii cheo.

Tuanze na cheti cha kuzaliwa. Ulizaliwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, pale Bustani ya Uhuru, Barabara ya Lang'ata, bendera ikipandishwa na umati ukishuhudia. Hapo umenishinda kwa mbali. Lakini afisa atakunja uso: wewe unajiita Jamhuri, na jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964. Je, ulizaliwa lini hasa? Mwaka mzima hauelezeki. Itabidi umtafute wakili mjini, uape kiapo kwamba yule wa 1963 na huyu wa 1964 ni mtu mmoja, ulipe, ugongewe mhuri, urudi nyuma ya foleni. Usiwaambie kwamba mwaka 2010 ulipewa Katiba mpya pale Uhuru Park. Watasema umebadilisha jina.

Kisha barua ya chifu. Chifu wa Lang'ata atataka kujua unakaa kwa nani na kwenu ni wapi. Usijibu "Kenya nzima", ataona unakwepa. Taja kijiji, taja mto, taja mzee mmoja anayekufahamu tangu utotoni. Yule mgeni aliyekukabidhi hati za uhuru usiku ule, Mwanamfalme Philip, alifariki mwaka 2021, kwa hiyo hawezi kukutilia sahihi.

Picha utapigwa ukiwa peke yako. Wale simba wawili wanaoshika ngao yako wasubiri nje, na mikuki waiache kwa mlinzi. Jogoo aweke shoka chini, kwani silaha haziruhusiwi kaunta. Mwonye mapema kwamba atatakiwa kutazama mbele. Miaka yote hii amezoea kutazama upande. Alama za vidole ni zote kumi. Watu husema mkono wa serikali ni mrefu, basi uukunje vizuri upite chini ya kioo, na uje na kitambaa chako cha kujipangusia, maana cha ofisi kimeshapangusa taifa zima.

Hapo sasa ndipo utakapoulizwa kitambulisho cha mzazi, na hapo, Mzazi, ndipo nitakapokushika mkono. Wa kwako ni Uingereza. Ndiye aliyekutangaza kuwa himaya yake mwaka 1895, akakufanya koloni mwaka 1920, akajadili kuzaliwa kwako kule Lancaster House, London, mwaka 1960, tena 1962, tena 1963, mimba ndefu kuliko ya tembo. Nayo Uingereza haina kitambulisho cha taifa cha kukupa. Vile vya wakati wa vita ilivifuta mwaka 1952. Mwaka 2006 ikatunga sheria ya kuvirudisha. Mwaka 2010 ikaifuta. Mzazi wako alitawala robo ya ramani huku babu zangu wakitembea na kipande ndani ya kijaluba cha chuma, kikining'inia shingoni. (Babu zangu nawataja kwa kukisia, kama unavyoelewa.) Na hata huyo mkoloni alipowapa kipande hicho hakudai kopi ya mzazi, kwa sababu nzuri tu kwamba mzazi hakuwa nacho.

Basi utasimama pale huna kopi. Afisa atakuuliza kama wamekufa. Sijui utajibu nini, ila nitakuwa nyuma yako kwenye foleni, na nitakuwa nimetega sikio.

Najua wasaidizi wako watakunong'oneza kwamba upo utaratibu kwa watu kama mimi: barua ya meneja wa makao, barua ya afisa wa watoto, ile amri ya mahakama, barua ya chifu. Kweli upo, na unamfaa sana kijana ambaye makao yake hayajafungwa, meneja wake hajahamia ng'ambo, faili yake haijalowa na mvua, na afisa wake wa watoto hajahamishwa kabla ya kuandika. Nikimpata kijana huyo nitampa pongezi zako.

Nina maombi mengine madogo madogo. Naomba fomu za mikopo ya elimu ya juu ziache kutaka nieleze mapato ya baba. Naomba benchi nje ya ofisi za machifu. Naomba fomu za hospitali zilegeze kidogo kwenye nafasi ya "jamaa wa karibu", kwa sababu tunaandika jina la matroni, na matroni ana watoto wake. Naomba Nairobi iache kututupia lile swali la Desemba, "Unaenda ushago lini?" Ushago wetu ni Dagoretti, na geti limefungwa.

Naomba pia uzungumze na walinzi wa majumba ya mjini. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tulikubali. Tulitoka Dagoretti tukapanda gari tukaenda kufunzwa. Kumbe ulimwengu wa Barabara ya Kenyatta una mlinzi mlangoni, na kabla hujaingia kufunzwa unaacha kitambulisho.

Februari 2025 Rais alikwenda Wajir akafuta ule uchujaji wa ziada waliokuwa wakipitishwa ndugu zetu wa kaunti za mipakani kabla ya kupewa vitambulisho. Walikuwa wamedhalilishwa nao miaka mingi, na nilifurahi kwa niaba yao. Bahati mbaya sisi hatuko mpakani. Tuko Kawangware, Kangemi na Uthiru, na mpaka pekee tunaoujua ni ukuta wa Lavington, ambao tunauvuka kila asubuhi kwenda kufua nguo za wenyewe.

Kuna dada yangu mmoja. Namwita dada kwa kuwa tulilala chumba kimoja hadi akahamishiwa upande wa wasichana wakubwa. Alifaulu mtihani wa kidato cha nne, wafadhili wakamweka kwenye kalenda yao, mwezi wa Agosti, anatabasamu. Leo anafanya kazi za ndani Kileleshwa. Laini ya simu hana yake, kwa sababu laini inataka kitambulisho. Mshahara wake unaingia kwenye simu ya jirani, na jirani humpigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja kumwambia zimeingia, akipenda. Akichelewa kurudi usiku hupita vichochoroni, sio kwa kuogopa wezi, bali doria. Mwizi akikukuta huna kitu hukuacha. Polisi akikukuta huna kitambulisho hukubeba. Na sheria yako mwenyewe, ile ya Usajili wa Watu, inasema mtu mzima asiyejisajili ametenda kosa! Unamnyima, kisha unamshtaki kwa kukosa.

Na ngoja nikwambie jambo, maadam tuko kwenye barua na huwezi kuita anayefuata. Wengi wetu hatukuwa mayatima. Tulikuwa maskini. Mama alikuwa hai, mahali fulani, hana kodi ya nyumba. Umaskini wake ukageuka faili, faili ikageuka kitanda, kitanda kikageuka picha kwenye barua ya kuomba fedha ng'ambo. Wewe ulikuwa unaona. Mwaka 2017 ulisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ukazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Maana yake ulishajua kwamba kuna watoto wasiostahili kuwekwa kule. Ulitutenga na watu waliokuwa na vitambulisho, ukatuweka nyuma ya ukuta hadi tukasahau sura zao, halafu leo unatoa kichwa dirishani unatuuliza sisi vitambulisho vyao viko wapi. Sisi! Tulikuwa na miaka minne! Wewe ndiye uliyekuwa mtu mzima.

Naona nimepaza sauti. Niwie radhi, Mzazi. Kule makaoni anayepaza sauti hukosa chai ya saa kumi, na nisingependa uninyime kitu ambacho hujaninyima bado. Narudi kwenye adabu.

Kuhusu ule mkakati wako, naukubali na kuupongeza; watoto walelewe na familia. Ila kabla ya kufikia 2032, niruhusu niulize kwa upole tu: sisi tuliokwisha kutoka tumeandikwa ukurasa gani? Wapo wenzetu waliojikusanya katika chama cha waliolelewa makaoni, Kenya Society of Care Leavers, na wamekuwa wakiuliza swali hilo kwa sauti nzuri kuliko yangu, katika kumbi zenye viyoyozi. Wao wanakuletea mapendekezo. Mimi nakuletea usumbufu. Wasikilize wao, mimi nipe kopi.

Ukiamua kunijibu, tafadhali usitume barua ya rejista, kwa kuwa posta hainipi bila kitambulisho. Usinipigie; laini ninayotumia ni ya matroni mstaafu, yuko Nyeri na ng'ombe wake, na amechoka kupokea simu zangu. Usiniite Barabara ya Harambee, kwani mlinzi wa getini ataniomba kile kile ninachokuja kuomba. Njoo wewe. Pale mjini panda nambari 46, shuka Kawangware mwisho wa gari, uulize vijana wa makaoni. Asubuhi hutupati, tuko kwenye vibarua. Jioni utatukuta nje ya kibanda cha kutoa kopi, na mwenye mashine huwa anakubali kufunga saa mbili kama kazi ni nyingi. Kazi itakuwa nyingi, maana tumeshaambiana.

Wako mtiifu,

Mwanao kwa amri ya mahakama.