Namna ya Kuapa Bila Kujisumbua na Ukweli

Siku moja utafika dirishani na vyeti vyako, karani avikague, akunje uso. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha shule kinasema Muhammad, kitambulisho kinasema Mohd. Atakurudishia bahasha na neno moja tu: "Afidaviti." Usibabaike. Fuata hatua hizi.

1. Lijue neno, ulitamke kifua mbele. Ni Kilatini cha Zama za Kati, kutoka kitenzi *affidare*, ambacho ndani yake mna *fides*, yaani imani. *Affidavit* maana yake "ameapa". Ni sentensi nzima iliyobanwa katika kitenzi kimoja, jambo ambalo Mswahili hahitaji kuelezwa mara mbili. Waingereza walikichukua kitenzi hicho wakakifanya nomino, na ukoloni ukatuletea pamoja na muhuri wake. Kwa hiyo anayesema "nakwenda kuapa afidaviti" anakwenda kuapa "ameapa". Usimsahihishe. Mawakili nao husema hivyohivyo, tena wao hulipwa.

2. Tafuta sampuli. Kuandika mwenyewe ni kujitafutia mawazo. Mchapaji wa steshenari iliyo jirani na mahakama anayo kwenye kompyuta, ikiwa bado na maelezo ya mteja aliyetangulia: "Mimi, fulani bin fulani, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Temeke." Akibadilisha jina, mkumbushe abadilishe na dini, la sivyo utatoka pale umebatizwa bila maji. Kila aya ianze na KWAMBA kwa herufi kubwa. Ukweli wa herufi ndogo una wasiwasi.

3. Apa kwamba wewe ni wewe. "KWAMBA Mohamedi, Muhammad na Mohd ni mtu mmoja, nami ndiye." Hapa uko salama, maana hakuna shahidi anayekushinda. Mtego uko kwenye kuzaliwa. Kwa viapo vya mahakamani, Amri ya XIX, kanuni ya 3, ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania inamtaka mwapaji aeleze mambo anayoyajua yeye mwenyewe, isipokuwa katika baadhi ya maombi madogo ambamo anaruhusiwa kusema anachoamini. Siku uliyozaliwa ulikuwapo, tena ukiwa mhusika mkuu, lakini kalenda hukuitazama. Mwachie mama aape. Mama akikosekana, tafuta shangazi mwenye kumbukumbu na nauli.

4. Mimina moyo wako wote. Eleza uchawi wa jirani, taja vifungu vya sheria, toa hukumu, kisha umalizie kwa kumwomba jaji na Mungu, kwa mpangilio huo. Ni kweli kwamba mwaka 1966, katika shauri la Matovu, Mahakama Kuu ya Uganda ilisema hati ya kiapo ibebe maelezo ya mambo yenyewe tu, bila pingamizi, maombi, hoja za kisheria wala hitimisho. Hukumu hiyo imesomwa na mawakili wa Afrika Mashariki nzima. Atakayekusomea kwa sauti ni wa upande wa pili, akiomba aya zako zifutwe. Ukibakiwa na jina na anwani, shukuru.

5. Usijipeleke kwa kamishna wa viapo. Sheria inakutaka usimame mbele yake, uape au uthibitishe kwa imani yako, utie sahihi akikuona, naye aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Wewe uko Tunduma na kiapo kiko Dar es Salaam, basi mtume kijana wa bodaboda. Kamishna mwenye haraka atagonga muhuri bila kuinua kichwa, na karatasi itasema uliapa mbele yake. Tatizo ni dogo: aliyefika mbele yake ni kijana wa bodaboda, na kwa hesabu hiyo huyo Mohd ni yeye.

6. Usisome. Tia sahihi pale palipowekwa alama ya kalamu. Mstari wa mwisho, ule unaosema yote yaliyomo ni kweli kwa kadiri unavyofahamu, ni mapambo. Kweli, kusema uongo chini ya kiapo katika shauri la mahakama ni kosa, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sawa na ya Kenya, imeliwekea kifungo cha hadi miaka 7. Pia mahakama inaweza kuamuru mwapaji aje ahojiwe juu ya alichoapa. Siku hiyo wakili wa upande wa pili atakuuliza, kwa upole unaotisha, aya yako ya nne inasemaje. Utamtazama wakili wako, naye atatazama dari. Jibu la kweli unalo mdomoni, "Sijui mheshimiwa, nililetewa," ila halimo kwenye sampuli.