Suti Imepigwa Pasi, Asilimia Haijulikani

Jamani, jamani, jamani. Benchi hili la chini ya mwarobaini nimelikalia miaka mingi, na vituko nimeviona vya kila rangi. Lakini cha juzi kimenifanya nisonye mpaka muuza kahawa akadhani kashata zake zimechacha.

Kijana wa nyumba ya tatu, yule ambaye shahada yake ya uhasibu imelala kabatini ndani ya nailoni, kaitwa usaili wa kuandika na benki moja hapa mjini. Mtaa mzima tulifurahi. Mama yake alipita nyumba nne kuomba dua kama mtu anayemsindikiza mwana Makka. Haya, tukamuuliza: baba, umejiandaaje? Akaingia ndani, akatoka na suti.

Suti! Ya kukodi, shilingi 40,000 kwa siku mbili, na tai yenye rangi ileile ya nembo ya benki. Viatu vina ncha ya kuchomea mishikaki. Mtihani wenyewe ni wa kompyuta, maswali ya kuchagua jibu, msimamizi kasimama nyuma ya mgongo wako. Hiyo tai ataiona nani, kibodi? "Usaili ni muonekano, baba mdogo," akaniambia, na uso wake hauna hata chembe ya utani. Nikashika kichwa.

Ndugu zangu, hawa watoto hawajaelewa chekeche ni kitu gani. Usaili wa kuandika haukuwekwa ili mwajiri akufahamu wewe na wema wako, umewekwa kupunguza watu. Mnakumbuka Juni 2014, Uwanja wa Taifa, pale zaidi ya vijana 10,000 walipojazana kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji? Watu walikaa majukwaani kama wamekuja kuangalia Simba na Yanga. Na 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walipita 135,000. Gawanya mwenyewe: kila kiti kinaviziwa na watu wasiopungua 84. Mbele ya umati huo hakuna mwenye muda wa kukagua mikunjo ya suruali. Unapewa maswali mengi na dakika chache, na atakayechelewa kuhesabu anabaki juu ya chekeche pamoja na pumba.

Tuje kwenye jambo lenyewe lililonitoa povu. Kijana kaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wasailiwa. Huko kuna bwana mmoja, picha yake ni simba kavaa miwani, anatangaza kwamba ana "mtihani wenyewe wa mwaka huu". Shilingi 15,000, tuma kwenye namba hii. Mtume! Nchi nzima tumeshalizwa na ujumbe wa tuma kwenye namba hii, bibi zetu vijijini wanaujua, leo msomi wa uhasibu anatuma! Na aliyetoa hela ni mama yake, hela ya mtaji wa vitumbua. Hapo sicheki. Kuna watu wameona njaa ya ajira ya watoto wetu wakaifungulia duka.

Mtihani ukaja. Tukauangalia hapa kijiweni, vichwa sita juu ya simu moja. Swali la kwanza lina rupia. La pili, mfanyabiashara wa Mumbai ana laki kadhaa. Hapo kijana akatabasamu, maana laki ni laki, neno hilo tulishirikiana na Wahindi tangu enzi za majahazi. La tatu likamletea "crore". Kimya. Akauliza kama ni aina ya mkopo. Ni milioni kumi, mwanangu, hesabu ya Kihindi! Kumbe jamaa kachukua maswali ya mazoezi ya mtihani wa mabenki ya India, yanayozagaa bure mtandaoni, kabandika neno "siri" juu, kauza.

Na tuwe wakweli, ule mtihani wa Wahindi ni shule nzuri sana. Chombo chao cha kuajiria mabenki kinaitwa IBPS, na hatua ya kwanza kwa maofisa ni maswali 100 kwa dakika 60: lugha, hesabu na mantiki, kila sehemu na dakika zake 20. Ukikosa swali, unakatwa robo ya alama. Vijana wa kule wanafanya mazoezi hayo kwa saa mkononi, miezi na miezi. Wetu kafanya nini? Kakariri majibu! Jibu la 1 ni C, la 2 ni A, la 3 ni D, kama anajifunza namba za bahati nasibu.

Tukamjaribu kidogo. Treni yenye urefu wa mita 240 inavuka jukwaa la mita 360 kwa sekunde 40, mwendo wake ni upi? Akagawanya 360 kwa 40, akatoa mita 9 kwa sekunde, akajipigia makofi. Fundi baiskeli, ambaye hata hatukujua kama anasikiliza, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwani mabehewa yanabaki nyuma?" Loo! Jumlisha vyote, mita 600, gawanya kwa 40, ni 15 kwa sekunde, kilomita 54 kwa saa. Kijana akasema hilo halimo kwenye desa alilonunua.

Nikamwomba afanye la asilimia, maana benki bila asilimia ni kama kahawa bila tangawizi. Bei ya bidhaa ni shilingi 1,000, inapanda asilimia 20, halafu inashuka asilimia 20. Inabaki ngapi? "Inarudi palepale," akajibu, haraka kama mtu anayeitikia salamu. Muuza kahawa akaweka dele chini. "Hairudi! Ilikuwa 1,000, ikawa 1,200. Asilimia 20 ya 1,200 ni 240. Imebaki 960. Ungekuwa unauza sukari ungeshafilisika." Mzee yule hajakanyaga chuo, lakini arobaini hiyo inayopotea imewahi kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo anaijua kwa sura.

Tuliyoyaona kwenye maarifa ya kibenki hayasemeki. Tulimuuliza kazi za Benki Kuu, akataja na kupokea akiba za wananchi. Akiba za wananchi! Nani kati yenu ana kadi ya kutolea hela ya Benki Kuu? Desa lake la chuo nalo limezeeka, linaeleza sera ya fedha kwa mtindo wa zamani wa kufuata ujazi wa fedha, wakati Januari 2024 Benki Kuu ilihamia kwenye riba yake elekezi, ikaanza na asilimia 5.5. Jambo lilitangazwa redioni mchana kweupe. Wala hakujua kwamba NMB na NBC zilitoka tumbo moja, ile Benki ya Taifa ya Biashara iliyozaliwa 1967 mabenki yalipotaifishwa, ikagawanywa 1997. Anataka kuingia nyumba ya watu na ukoo haujui.

Basi siku ikafika, suti ikaenda. Jioni karudi, tai mfukoni, kanywea. Nini tena? Kaacha maswali 18 wazi, kwa makusudi. Kwa nini, mwanangu? Eti kwa sababu ukikosa unakatwa robo. Nani kasema? Karatasi ya kwenye simu! Maelekezo ya benki aliyowekewa mbele ya macho hayakutaja kukatwa alama hata kwa bahati mbaya. Yaani mtoto kafanya mtihani wa Dar es Salaam kwa sheria za India. Benchi zima tulisonya kwa pamoja, mpaka kuku wakatawanyika.

Halafu wanajitokeza wale wa "bila mtu wako ndani hupiti". Wapo kila kijiwe, wamevaa kandambili. Sisemi upendeleo haupo duniani. Ila maswali 18 yaliyoachwa wazi hayakuachwa na mjomba wa mtu, na mashine inayosahihisha haimjui mjomba wa mtu. Maneno hayo yanawaumiza watoto zaidi ya yule simba mwenye miwani, kwa sababu yanawapa ruhusa ya kutofungua daftari.

Majina yalipotoka, la kwake halikuwamo. Alijifungia siku mbili. Ya tatu akaja kijiweni na kaunta buku, kalamu, na kandambili za kawaida, akakaa pembeni ya jiko la kahawa. Sasa ndiyo kazi yake kila baada ya magharibi: maswali 35 ya hesabu, dakika 20, na mzee wa kahawa kashika simu ya kupima muda huku mkono wa pili unamimina. Jana dakika zimeisha yuko swali la 27. Akainua macho, anataka kuongezewa kidogo tu, dakika moja. Mzee akafuta saa, akairudisha sifuri, akamsogezea kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Halafu upya, kuanzia la kwanza."