Blanketi la Rowallan

Kambi ya skauti ya Rowallan, Nairobi, mwaka 2010. Skauti vijana wa dunia wako kwenye mkutano wao wa 13, uitwao Moot, wa kwanza kufanyika Kenya. Wamelala. Mlangoni mwa hema moja, bidhaa za kubadilishana zimebaki juu ya blanketi.

BEJI: Sogea, Ushanga, unaniziba. Mimi ni toleo la kambi hii pekee. Sitoki chini ya beji tano.

PETE YA USHANGA: Umetemwa na cherehani, ndugu zako wamejaa katoni nzima. Mimi pete ya skafu, kazi ya mkono.

BEJI: Mkono wa nani?

USHANGA: Wa mwenye blanketi. Hukumsikia akimwambia yule Mswisi? Alinishona wiki nzima, akifundishwa na nyanyake.

BEJI: Na hicho kikaratasi cha bei mgongoni, kakibandika nyanya?

USHANGA: Haya, nilinunuliwa Maasai Market. Tena alibishania bei mpaka mama wa watu akanisukuma tu, "Chukua, nenda!" Lakini mama yule alinishona kwa mkono. Mkono ni mkono.

PETE YA NGOZI: Aibu! Enzi zetu Gilwell, Uingereza, miaka ya 1920, Bill Shankley alisokota ngozi kwa vidole vyake, ndipo ukoo wetu ukazaliwa. Hatuuzwi. Tunapewa kiongozi aliyehitimu mafunzo.

BEJI: Shikamoo, mzee. Sasa blanketini umefuata nini?

NGOZI: Nimewekwa… nipigwe upepo.

BEJI: Kiongozi wako kakiona kisu cha Mswisi. Jioni nzima anakitolea macho.

NGOZI: Kijana, kesho kutwa wenzenu wanakwenda Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Pale jiwe lina duara na nukta katikati, alama ya skauti aliyekwisha kurudi nyumbani. Mkaone haya mbele yake.

USHANGA: Waache kwanza wamalize kubadilishana kwenye foleni ya kaburi.

KIHEMA: Samahani, wakubwa…

BEJI: Nani huyo?

KIHEMA: Mimi. Njiti tatu za kiberiti, kitambaa na pini. Mtoto wa watu alinigundisha mwenyewe, gundi ikamganda vidoleni. Leo siku ya tatu, hakuna aliyeniuliza.

BEJI: Umepinda.

KIHEMA: Nimepinda, ndiyo.

(Tochi. Mswisi na mwenye blanketi wananong'onezana. Kisu kinatolewa. Ngozi inachukuliwa.)

NGOZI: Huu ni mkopo tu! Mkopo!

(Mswisi anasitasita, anaona kisu chake kimekwenda kwa bei rahisi.)

MWENYE BLANKETI: Haya, chukua na hiki. Nyongeza.

KIHEMA: Kwaherini, wakubwa. Beji, zile tano zikifika, unisalimie.